Haraka Yenye Baraka

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo zikikutanishwa hugombana. Ya kwanza yasema kuwa haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi akiulizwa ni ipi iliyo kweli huona shida, maana zote mbili zimetoka katika vinywa vya watu wenye busara, na zote mbili zimekwisha kuthibitishwa na maisha. Mimi nimezifundisha darasani kwa miaka kumi na mmoja, nikizieleza kwa mifano ya wasafiri, wakulima na wachumba. Sikujua kwamba siku moja zingekutana jikoni mwangu, juu ya sufuria ya tambi, mbele ya macho ya baba yangu mzazi. Habari ya jioni hiyo ndiyo nitakayokusimulia hapa.

Mimi ni mwalimu, nami naishi Mombasa pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Mke wangu ni muuguzi. Zamu yake ikiwa ya usiku, yeye hutoka nyumbani jioni wakati mimi ninapoingia, nasi hupokezana funguo mlangoni kama askari wa lindo. Juma la zamu hiyo jiko huwa langu. Watoto wadogo hawajui habari ya zamu. Wao wajua kwamba jua limetua na matumbo yanadai. Nikichelewa hata nusu saa, yule mdogo, mwenye miaka mitano, hulala njaa juu ya mkeka, na mtoto aliyelala njaa ni lawama isiyosemwa.

Kupika nilijifunza nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Sikufundishwa na mkufunzi. Tulikuwa vijana wanne katika chumba kimoja cha kupanga, na fedha zetu zilikuwa chache kuliko matumbo yetu. Mmoja wetu alikuwa amefanya kazi katika jiko la hoteli iliyopika vyakula vya Kichina, naye ndiye aliyetuonyesha namna ya kugeuza nyama kidogo na tambi kuwa chakula cha watu wanne kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha maharagwe. Tulicheka tulipokuwa tukimtazama akikatakata tangawizi, walakini sahani zilipokuja hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo chakula hicho kimekuwa changu.

Hata hivyo, sina budi kuungama jambo moja. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimficha baba yangu kwamba napika. Aliponipigia simu jioni akauliza nafanya nini, nilimjibu kuwa nasahihisha madaftari, hali mwiko ulikuwa mkononi. Baba ni mzee wa Utaita, mkulima wa milimani karibu na Wundanyi, na katika nyumba aliyonilea mwanamume hakuvuka kizingiti cha jiko ila kwa kuleta kuni au kumwondoa nyoka. Mama alipika, dada zangu wakamsaidia, nasi wanaume tukasubiri. Sikuwahi kumsikia baba akisema kwamba kupika ni aibu. Hakuwa na haja ya kusema, kwa sababu sisi sote tulikuwa tukijua.

Mama alifariki mwaka uliotangulia habari hii. Baada ya matanga tulimsihi baba aje Mombasa akae nasi. Alikataa. Alisema kwamba shamba halina miguu ya kumfuata mjini, na kwamba kaburi la mama haliwezi kuachwa peke yake. Basi tukamwacha, kila mmoja wetu akidhani kuwa majirani watamwangalia. Majirani walimwangalia kwa muda wa majuma kadhaa, kama watu wema wafanyavyo, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Baba akabaki na birika. Asubuhi chai na mkate, mchana chai, jioni chai na mkate uliobaki. Mihogo ilikuwa shambani mwake, maharagwe yalikuwa ghalani, na kuku walikuwa wakitembea uani. Alikuwa na chakula, lakini hakuwa na mpishi, na yeye mwenyewe hakuweza kujikubalia kuwa mpishi.

Siku hiyo baba alifika kwangu bila taarifa, saa kumi na mbili na nusu ya jioni. Alikuwa ameondoka Wundanyi asubuhi, akashuka kwa matatu hadi Voi, na kutoka Voi akaja Mombasa. Alisema amekuja kuonana na daktari, maana katika zahanati ya nyumbani ameambiwa kuwa damu yake imepungua. Nilimpokea mkoba, nikamwamkia, nikamkalisha. Alipoinua mkono kuipokea shikamoo ya mjukuu wake, niliona mkono wa shati ukiteleza mpaka karibu na kiwiko. Mkono ule ulionifundisha kushika jembe ulikuwa umebaki mifupa na mishipa.

"Mama watoto yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko kazini, baba. Atarudi alfajiri."

Alitikisa kichwa polepole. Nilijua anawaza nini: nyumba haina mwanamke, basi usiku huu hakuna chakula. Hapo nilijaribiwa. Hatua hamsini kutoka mlangoni pangu pana mkahawa uuzao chapati na maharagwe. Ningeweza kusema natoka kidogo, nikarudi na mfuko, na siri yangu ikakaa pale ilipokaa siku zote. Nilikwisha kutia mkono mfukoni kutafuta fedha nilipoutazama tena mkono wake. Ndipo nilipofahamu kwamba aibu ile niliyotaka kuificha kwa kwenda mkahawani ndiyo aibu ile ile iliyokuwa ikimkondesha baba yangu. Yeye alikuwa akifa njaa kwa kuiheshimu, na mimi mwanawe nilikuwa nikimsaidia kwa kuinyamazia. Nikautoa mkono mfukoni, nikavaa aproni ya mke wangu, nikaufungua mlango wa jiko wazi kabisa.

Binti yangu wa miaka minane aliruka kwa furaha. "Babu, leo twala kima!"

Baba alishtuka. "Kima? Mji huu umefika kiasi cha kula kima?"

Msomaji, katika milima ya Utaita kima ni yule mnyama wa miti anayeiba mahindi shambani, na baba amepigana naye vita maisha yake yote. Ilinibidi nimweleze kwamba mjini kima ni nyama iliyosagwa, na kwamba neno hilo limekuja kwetu kutoka Bara Hindi. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Baba naye alitabasamu, akavuta kiti, akakiweka mahali ambapo aliweza kuona jikoni. Hakuingia, lakini pia hakugeuza uso.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana haraka ya jikoni si fujo, ni mpango. Mtu apikaye upesi hufanya nusu ya kazi kabla ya kuwasha moto. Nilitwaa nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa na pakiti moja ya tambi za mayai. Nikakatakata chembe nne za kitunguu saumu, na kipande cha tangawizi kadiri ya kidole gumba. Nikachambua vitunguu vya majani, sehemu nyeupe mbali na sehemu ya kijani. Nikakata karoti mbili na robo ya kabichi nyembamba sana, kwa sababu kitu chembamba huiva upesi. Katika kikombe nikachanganya vijiko vinne vya mezani vya mchuzi wa soya, kijiko kimoja na nusu cha sukari guru iliyoparwa, na maji nusu kikombe. Chumvi sikutia hata chembe, kwa maana mchuzi wa soya ni chumvi tosha. Haya yote nikayapanga mezani kama vitabu kabla ya kipindi kuanza.

Kisha nikateleka maji ya tambi upande mmoja wa jiko la gesi, na upande wa pili nikaweka kikaango kipana mpaka kikapata moto barabara. Nyama nikaitandaza humo, nikaiacha bila kuikoroga kwa dakika mbili. Wapishi wengi hukosea hapa. Huikoroga nyama tangu mwanzo, ikatoa maji, ikachemka katika maji yake yenyewe, ikawa ya kijivu na isiyo na ladha. Maji yakiwapo joto haliwezi kupanda sana; yakikauka, nyama hugeuka hudhurungi, na hapo ndipo harufu nzuri huzaliwa. Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeieleza kazi hiyo ya sukari na protini katika joto mwaka 1912, na hata leo wanasayansi huiita kwa jina lake.

Nyama iliyosagwa huiva upesi kwa sababu imegawanywa vipande vidogo vidogo, na joto halina safari ndefu ya kufika katikati. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yataka uangalifu. Vijidudu ambavyo katika kipande kizima hukaa nje tu, kinu huvichanganya ndani ya nyama yote. Kwa hiyo kima hupikwa mpaka wekundu uishe kabisa, wala asikudanganye mtu kwamba haraka ni udhuru wa kula nyama mbichi.

Nyama ilipokuwa tayari nikatia kitunguu saumu, tangawizi na sehemu nyeupe za vitunguu vya majani, nikageuza kwa muda wa dakika moja. Harufu ikatoka jikoni, ikaingia sebuleni. Nikamsikia baba akivuta pumzi. Nikatia karoti na kabichi, halafu mchuzi uliokuwa kikombeni. Tambi nazo zilikuwa zimechemka dakika nne. Nikazichuja, nikaweka akiba kikombe kimoja cha maji yake.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ili mchuzi uwe mzito na uzishike tambi, hutiwa wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini ambao wenye maduka huuita konflawa. Vijiko viwili vya chai hutosha, lakini sharti ukorogwe kwanza kwa maji baridi. Mimi nalijua jambo hilo kama nilijuavyo jina langu. Walakini macho ya baba yalikuwa mgongoni mwangu, mkono ukatetemeka, nami nikaumwaga unga mkavu moja kwa moja katika mchuzi unaochemka. Mara ukawa madonge. Unga ukikutana na maji ya moto ghafla, chembe za nje huvimba na kushikana, zikafunga mlango, na zile za ndani zikabaki kavu. Nilisimama nikiyatazama madonge yale meupe yakielea, nikaona aibu ambayo tangazo la mtihani halikupata kunipa.

"Kuna nini?" baba aliuliza.

Nilitaka kusema hakuna kitu. Nikasema kweli. "Nimeharibu, baba. Unga nilipaswa kuukoroga kwa maji baridi kwanza."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama yako naye alikuwa na siku za namna hiyo. Alikuwa akiyatoa kwa kijiko, halafu akinikataza nisiseme."

Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya mama tangu alipoingia. Nikayatoa madonge kwa kijiko, moja baada ya moja. Nikakoroga unga mwingine kwa maji baridi, nikaumimina polepole. Mchuzi ukang'aa, ukawa mzito. Nikatia tambi na maji kidogo ya ile akiba, nikazigeuza mpaka kila uzi ukapata rangi. Juu nikanyunyiza majani ya kijani ya vitunguu, na simsim iliyokaangwa. Nilipotazama saa, zilikuwa zimepita dakika ishirini na saba tangu nilipovaa aproni, na zaidi ya tano zilikuwa za madonge.

Tulikaa mezani. Baba aliitazama sahani kwa muda, akaizungusha, kama mtu asomaye barua iliyoandikwa kwa mwandiko asioujua. "Chakula hiki ni cha wapi?" akauliza.

Mwalimu akiulizwa swali kama hilo hawezi kujizuia. Nilimweleza kwamba tambi ni chakula cha kale sana huko Uchina. Mahali paitwapo Lajia, karibu na Mto Manjano, wachimbaji wa mambo ya kale walipata bakuli lililofunikwa na udongo, na ndani yake tambi zenye umri wa miaka kama 4,000. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2005. Tambi hizo hazikuwa za ngano bali za mtama mdogo. Nilimwambia kwamba Wajapani huipika nyama iliyosagwa kwa mchuzi wa soya, sukari na tangawizi, wakaila juu ya wali, nao huiita soboro. Nilimwambia pia habari za Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Japani, ambaye mwaka 1958 alileta sokoni tambi zinazoiva kwa maji ya moto katika dakika chache. Alizikaanga katika mafuta ili maji yatoke kwa ghafla na kuacha vitundu vidogo. Mlaji akimimina maji ya moto, maji huingia kwa vitundu vile vile. Na huku pwani, nilisema, watu wamekula tambi tangu zamani, wakizitia sukari, nazi na iliki, hasa siku za Idi. Sahani hii basi si ya Wachina, wala si ya Wajapani, wala si yetu. Ni ya wote walioipitisha mkononi.

"Hata mtama?" baba aliuliza, na hilo ndilo alilolichukua katika hotuba yangu yote.

"Hata mtama, baba."

Akala. Alianza kidogo kidogo, kisha akala kama mtu aliyekumbuka jambo. Yule mdogo alikuwa macho bado, midomo yake iking'aa kwa mchuzi. Baba aliomba aongezwe. Alipomaliza aliweka uma chini, akanitazama, akauliza, "Umekuwa ukipika tangu lini?"

"Tangu chuoni, baba."

"Na hukuniambia."

"Nilikuogopa."

Alifikiri kwa kitambo kirefu. "Mimi naye nilikuogopa," akasema. "Uliponipigia simu kuuliza nimekula nini, nilikwambia kimanga." Kimanga ni chakula cha kwetu cha mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na mama alikuwa hodari wa kukipika. Kumbe kwa miezi mingi tulikuwa tukidanganyana kwa simu, mimi nikificha kuwa napika, yeye akificha kuwa hapiki.

Hatukusema zaidi. Sikumpa mawaidha, maana mtoto hamhutubii mzazi wake, na mtu mwenye haya hahitaji kusukumwa. Daktari alimwona, akampa dawa na kumwagiza ale vyakula vya kuongeza damu, akamwonya pia juu ya chumvi. Siku tatu baadaye, alipokuwa akifunga mkoba wake, aliuliza bei ya pakiti ya tambi, kana kwamba anauliza habari za mvua. Nilimtilia pakiti mbili, kichupa cha mchuzi wa soya na kifuko kidogo cha ule unga. Nilimwambia mchuzi atumie nusu ya kipimo changu, kwa ajili ya chumvi, na kwamba badala ya kabichi mboga yoyote ya shambani kwake yafaa. Alisikiliza huku akitazama dirishani. Sikujua kama atavitumia au atavigawa kwa majirani.

Juma moja likapita. Jioni moja, mimi nikiwa jikoni, simu ikalia. Nilisikia sauti ya moto wa kuni ukipasuka, na kitu kikitokota.

"Mwalimu," baba alisema, na hakunisalimu kwanza, "ule unga hukorogwa kwa maji ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi, baba."

"Nilidhani hivyo," akasema, akakata simu.

Tangu hapo sijabadili namna ninavyozifundisha zile methali mbili, ila nimeongeza mfano mmoja. Haraka isiyo na baraka ni ile ya kumwaga unga kabla ya kuukoroga. Kungoja kunakoumiza matumbo ni kule kwa mtu mwenye ghala na jiko, anayemsubiri mpishi asiyekuja. Wanafunzi wangu wa kiume hucheka niwaambiapo kwamba mimi napika. Nami huwaacha wacheke, kisha huwauliza kila mmoja wao aandike katika daftari lake: kama usiku huu ungekuwa peke yako na watoto wawili wenye njaa, ungewapa nini? Kicheko huisha hapo, na kalamu huanza kazi.